Anicet Hawezi Kufa

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwangu, mtaa wa Point hapa Durban, mwanamke aliyevaa nyeusi tupu amesimama nje, nami nimeshika kitasa nisijue kama nifungue zaidi au nifunge. Nilifungua. Laiti ningefunga, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ndiye yule mshambuliaji wa Uvira, Kongo, niliyecheza Hispania. Msije mkafikiria viwanja vikubwa na mataa. Nilicheza divisheni ya tatu, katika kimji cha milimani kiitwacho Valdehierro. Asubuhi tulitundika mapaja ya nguruwe kwenye kiwanda cha tajiri wa timu, jioni mazoezi, na usiku mtu unalala bado unanuka chumvi. Nilifunga magoli, tena mengi, na yote yaliandikwa kwa jina la Anicet.

Anicet si mimi. Anicet ni mdogo wangu.

Wakala aliyekuja Bujumbura mwaka 1992 alitaka vijana wasiozidi miaka ishirini, nami nilikuwa nimeshaipita. Wachezaji wanaijua dawa yake: unapunguza miaka kwa kuvaa jina la mdogo wako. Anicet alinipa lake huku akicheka, akasema kwenye kiwanda cha sukari alikofanya kazi hakuna anayemuuliza umri. Mimi nilibatizwa Pierre-Claver. Jina hilo nikaliacha nyumbani, nikapanda ndege.

Mwaka 1996 vita viliingia Uvira. Familia ikavuka ziwa mpaka kambini Kigoma, na huko homa ikamchukua Anicet. Baba alipata simu mjini akanipigia. Nililia, nikasema naacha kila kitu nakuja kuzika. Ndipo aliponiambia maneno ambayo mpaka leo yananiamsha.

"Anicet hawezi kufa," alisema. "Anicet njo anatulisha. Tukitangaza matanga yake, habari itafika Bujumbura kwa ule wakala, kisha itafika Ulaya. Hapa kambini batu habatujue. Tutazika Pierre-Claver."

Nikanyamaza, na kwa baba yangu kunyamaza ni kukubali. Basi kuna msalaba Kigoma wenye jina langu, na chini yake amelala mdogo wangu.

Tangu siku ile sikufunga goli. Nilikuwa napiga mlingoti, napiga kipa, napiga mashabiki. Msimu ulipoisha, goti nalo likiwa bovu, walinipa mkono wa kwaheri, nikashukia Durban, nikapata kazi Jacobs, mtaa wa viwanda, ya kunyoosha mabodi ya magari.

Sasa turudi mlangoni. Yule mwanamke alikuwa Julienne, mjane wa Anicet.

"Ingia, shemeki," nilimwambia.

"Hapana. Nguo hii haiingie mu nyumba ya mutu." Akakaa kwenye ngazi. "Unajua naivaa tangu lini?"

"Najua."

"Hujue. Hakuna mutu alinivalisha. Nilijivalisha peke yangu, kwa maana ku matanga ya kambini nilikaa kama shemeki ya marehemu, si bibi yake. Bamama banakuja, banasema pole, shemeki yako alikuwa mutu muzuri. Bwana yangu amelala pale, na mimi napewa pole ya shemeki."

Nilikaa ngazi ya chini yake, nikawa natazama viatu vyake, maana macho yake sikuyaweza.

Kwetu mjane havuliwi nyeusi na mtu yeyote tu. Ndugu wa marehemu husimama mbele ya watu, akamtaja marehemu kwa jina lake, akasema amekwenda. Kisha humnawisha mjane uso na kumfunga kitenge kipya. Hapo matanga yameanuliwa na mwanamke yuko huru. Pasipo hivyo bado ana mume, ila mume mwenyewe yuko kaburini, na atakayethubutu kumuoa ajue kitandani watalala watatu.

"Iko mutu ananitaka," alisema Julienne. "Elysée, wa saluni, kule town. Ni mutu wa Mungu. Lakini ameniambia, Julienne, mimi siogope umasikini, naogopa mutu wa kaburi. Lete ndugu yake akufungue."

"Anakuja?" nilimuuliza.

"Elysée?"

"Anicet. Anakuja kwako?"

"Anakuja. Haseme kitu. Anakaa ku mwisho ya kitanda anafunga viatu vya mpira. Anafunga, anafungua, anafunga tena. Sawa mutu hajue kama mechi iko ama haiko."

Sikumwambia kwamba kwangu anakuja pia, isipokuwa kwangu haji kitandani, namsikia tu.

"Jumapili, nyuma ya misa," aliendelea. "Papa Désiré ametupatia nyumba yake. Ni neno moja tu, shemeki. Useme mbele ya batu kama Anicet amekufa. Mimi nimechoka kuwa bibi ya mutu haonekane."

Nikamwambia nitasema. Ningemnyima nini mwanamke yule?

Lakini mimi na bahati hatujawahi kukaa meza moja tukamaliza chakula. Ijumaa nilipotoka kazini nilipita kwenye duka la simu la Cathy, pale katikati ya mji. Cathy akanipungia mkono akiwa bado ameshika mkono wa simu.

"Spain, kuja mbio. Iko muzungu anakutafuta, anapiga mara ya tatu."

Alikuwa Fermín. Fermín ndiye aliyekuwa golikipa wetu Valdehierro, mtu aliyenifundisha kula zeituni na kutukana marefa kwa Kihispania. Sasa amekuwa kocha.

"Anicet, bado unakimbia?"

"Nakimbia."

"Na goti?"

"Goti limepona."

"Basi nisikilize. Mshambuliaji wangu amevunjika mguu na ligi ndiyo kwanza imeanza. Timu ni ndogo, divisheni ileile, mji hauna hata sinema. Lakini tajiri anatuma tiketi, na jina lako bado liko kwenye shirikisho. Hakuna cha kuanza upya. Una miaka ishirini na mitano tu, kijana, usizeekee huko. Jumatatu nipe jibu."

Niliweka simu chini.

Mnaelewa nilipokuwa? Nikiwa Anicet, nina miaka ishirini na mitano, nina goti zima na timu inaningoja. Nikiwa Pierre-Claver, ninakaribia thelathini, sina hata goli moja lililoandikwa, na nimeshazikwa. Nikisema Jumapili kwamba Anicet amekufa, Jumatatu hakuna Anicet wa kupanda ndege. Maana Wakongo wa Durban tunajuana, chakula cha matanga hakitapoa kabla mmoja hajampigia shangazi yake Bujumbura, na shangazi anakwenda sokoni kwa mke wa yule wakala.

Na nisiposema, Julienne atabaki na mtu wake wa viatu.

Jumamosi tulikuwa na mechi, timu ya kazini kwetu dhidi ya watu wa kiwanda cha rangi, kwenye kiwanja cha pale pale Jacobs, moshi juu na majani makavu chini. Kiungo wetu ni Marwa, Mkurya wa Tarime ambaye tunanyoosha naye mabati. Ndiye rafiki pekee niliyempata mji huu, na ndiye peke yake aliyekataa kuniita Spain. Anasema mtu ana jina lake.

Kipindi cha pili Marwa alikuwa na mpira upande wa kulia. Nilikuwa ndani ya boksi, namngojea. Halafu kutoka kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mchezaji wetu hata mmoja, nikasikia mtu ananiita.

"Klava."

Sikufikiri. Nilijua krosi inakuja, nilijua hata urefu wake. Niliruka, nikakaza shingo, nikapiga kichwa.

Nilipiga hewa. Nilipotua, uwanja mzima ulikuwa unacheka, kipa wao ameshika mbavu.

"Wewe bwana, unapiga kichwa nini?" Marwa alinifuata. "Mpira nilikuwa nao mimi, huku."

"Sikuuona."

"Hukuuona, lakini umeruka. Eish, ndugu yangu, tangu nikujue hujaruka vile."

Nilikaa chini kwenye yale majani. Hakuna mtu Durban anayelijua jina la Klava. Hakuna aliyelijua Hispania. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiniita hivyo, winga wa kushoto wa utoto wangu, ambaye kila goli langu la Uvira lilitoka mguuni kwake. Nilimkumbuka mdogo wangu. Nililia hapo hapo, na wenzangu wakadhani goti limerudi, wakaniletea barafu.

Ndipo nilipoamua. Fermín atatafuta mtu mwingine. Mimi nitamrudishia Anicet jina lake.

Mechi ilipoisha Elysée alikuwa ananingoja pembeni. Kijana mpole, kucha safi, anaongea taratibu kama anaogopa kumwamsha mtu. Kwenye mfuko wa nailoni alikuwa na kitenge kipya.

"Grand, nimemuchagulia ya njano," alisema, akiniita kaka mkubwa, huku akinifunulia kipande. "Amekaa na nyeusi sana. Nimekosea?"

"Hujakosea. Itampendeza."

"Naomba tu umalize hii kitu muzuri, Grand. Nampenda ule mama. Sharp?"

"Sharp," nikamjibu, yaani sawa, na usiku ule kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nililala bila kusikia kitu.

Jumapili nyumba ya Papa Désiré ilijaa mpaka watu wakasimama kwenye korido. Papa Désiré ni fundi cherehani, na ndiye mkubwa wa watu wa Kivu hapa Durban. Ukifika mgeni yeye ndiye anayekupokea, ukifa yeye ndiye anayekuchangishia. Julienne alikuwa amekaa mkekani katikati, kichwa chini, beseni la maji mbele yake. Jikoni sombe, kisamvu chetu, ilikuwa inanukia. Nilikuja na Marwa, maana si vizuri mwanamume kwenda matangani peke yake.

Papa Désiré alifungua kwa sala. Kisha akauliza kama desturi inavyotaka, "Nani ndugu ya marehemu?"

Nikasimama. Watu wakageuka.

"Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

"Alikuwa anaitwa Anicet," nilisema. "Alikufa Kigoma, ku kambi. Mimi ni kaka yake mukubwa. Mimi naitwa Pierre-Claver. Jina ya Anicet niliivaa nipate kucheza mpira Ulaya, na leo naimurudishia. Anicet amekwenda. Julienne, uko huru."

Nilijisikia mwepesi. Niliinama, nikaingiza mikono kwenye beseni nimnawishe uso.

Mkono wa Papa Désiré ukashika wangu ndani ya maji.

"Ngoja kwanza," alisema. "Anicet, unasema Anicet amekufa?"

"Mimi si Anicet, Papa."

"Ulipofika hapa mwaka jana, nilikuuliza jina. Ulinijibu nini?"

"Anicet."

"Na ilipofika habari ya Kigoma kama kaka yako Pierre-Claver amekufa, nani alikaa ku ile kiti pale, analia, sisi tunamuletea chakula?"

Wapenzi wasomaji, hili sikuwaambia wiki zile, na sikuwaambia kwa sababu ya aibu. Ni kweli. Habari ya msiba ilinifuata Durban, na wema wa watu hawa ukanifuata pia. Walinikalia matanga ya Pierre-Claver. Ningewakatazaje bila kufichua kila kitu? Nilikaa kwenye kile kiti nikala kuku wa kilio changu mwenyewe.

"Ni mimi," nilisema.

Minong'ono ilianza. Mama Joséphine, anayepokea wageni kanisani, akanyoosha mkono kutoka jikoni.

"Papa, na mimi niseme. Huyu dada alipofika ku mlango ya kanisa, mimi njo nilimupokea. Aliniuliza, Anicet wa Uvira, ule alicheza Spain, anakaa wapi? Alikuwa analia. Saa ingine tunakula, nikamuuliza, mama, uko na bwana? Akaniambia bwana yake ni Anicet wa Uvira."

"Niliuliza vile kwa maana hapa bote banamujua kwa ile jina," alisema Julienne. "Ningeuliza Pierre-Claver, nani angenionyesha?"

"Mama, mjane hajitolee ushahidi ku matanga yake," alisema Papa Désiré, bila ukali. "Atoe mutu mwingine. Hapa ndani nani alimujua Pierre-Claver? Nani anaweza kusimama aseme, huyu njo Pierre-Claver?"

Nilizungusha macho chumba kizima. Nyuso zote nilizijua, na hakuna hata moja iliyonijua mimi.

"Tumupigie baba, alisharudi Uvira," nilisema.

"Uvira? Simu ya Uvira imekufa tangu Agosti, vita vilipoanza tena. Wewe mwenyewe unajua."

Nilijua. Kila mtu mle ndani alikuwa na wazazi asiowasikia.

Papa Désiré akamgeukia Marwa. "Wewe si mutu wa kwetu, huna sababu ya kusema uongo. Unafanya naye kazi. Huyu ni nani?"

Marwa alisimama, akanitazama, nami niliona kwamba anatafuta jibu la kuniokoa. Shida ni kwamba hakujua naokolewa kutoka wapi.

"Mzee, mimi namfahamu huyu vizuri. Ni mtu wa kweli, hana utapeli. Huyu ni Anicet. Jana tu uwanjani nimemwita Anicet, akaitika." Alipokaa akaninong'oneza, "Kaka, nimekosea?"

Hakukosea.

Papa Désiré alijifuta mikono taratibu. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na huzuni, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

"Nimeona banaume bakikimbia bibi zao," alisema. "Tumekimbia vita, na banaume bengine bamekimbia na ndoa. Lakini kuchukua jina ya kaka yako, mutu amelala kimya Kigoma, uivae, ujizike mwenyewe, kusudi bibi yako umupatie mutu mwingine? Hiyo sijaona, Anicet."

"Papa, naapa mbele ya Mungu."

"Usiape. Umeapa ya kutosha."

Elysée alikuwa karibu na mlango na kile kitenge cha njano mapajani. Alianza kukikunja. Alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu anayerudisha kitu dukani.

"Grand, ungeniambia tu," alisema. "Bibi ya mutu sigusi."

"Elysée," Julienne alimwita.

Hakugeuka. Tulisikia viatu vyake vinashuka ngazi, kisha hatukuvisikia.

"Haya maji mumwage," Papa Désiré aliwaambia akina mama. "Matanga ya mutu muzima hatufanye, tutajiletea laana. Anicet, beba bibi yako, mwende mukaongee. Ukimutesa tutasikia."

Watu walianza kuinuka wakitafuta viti vyao na watoto wao. Hakuna aliyenitukana. Walinipita kama mnavyompita mtu mlevi kanisani.

Na hapo, katikati ya fedheha ile, wazo likaniingia bila kupiga hodi. Jina la Anicet lilikuwa salama kabisa. Hakuna atakayepiga simu Bujumbura, maana hakuna aliyeamini. Nimesema ukweli wote mbele ya watu na haukunigharimu kitu. Kesho Fermín angepata jibu lake. Nawaambia ninyi nisichoweza kumwambia padri: nilifurahi. Ilikuwa furaha ndogo, ya kuchukiza, lakini ilikuwa furaha, na nilipoinua macho nilimkuta Julienne ananitazama, ameshaiona.

Hakulia. Alikuwa ameketi palepale mkekani, mashavu makavu ambayo sikuyanawisha. Aligeuka akawatazama wale wanawake waliokuwa wanajifanya kukusanya sahani. Nilidhani atanilaani, na ningepokea.

Badala yake alininyooshea mkono nimwinue.

"Twende basi, Anicet," alisema. "Batu banatuangalia."

Nikaupokea.